Msitu wa Mzee Stesheni

Jua lilikuwa linazama Bwana Msitu alipofunika trei yake kwa kitambaa na kutoka kwenda kwa Mzee Stesheni. Jina hilo la Bwana Msitu alipewa na majirani kwa kumtania, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza miti midogo, mrefu kuliko yote ukiwa sawa na kidole, ya kupanda kwenye mbao za watu wanaochezea treni ndogo za umeme. Watu wazima na akili zao, ndiyo. Mzee Stesheni, mstaafu wa reli, alikuwa na ubao uliojaza chumba kizima, na hakutaka miti ya fundi mwingine.

Kazi yenyewe si ya kitoto. Unasokota waya kwa koleo ziwe shina, unazichanua juu ziwe matawi, unapaka gundi, unanyunyiza unga wa mbao uliotiwa rangi ya majani. Lakini mti wa waya hauna vile vijiti vyembamba vya mwisho, na hivyo ndivyo vinavyodanganya macho. Jambo hilo lilimnyima Bwana Msitu usingizi, mpaka alipoona nywele za mkewe kwenye kitana. Akazinyoosha, akazibandika. Mti ukakubali.

Mkewe alikuwa amemwambia waziwazi. "Mume wangu, chezea vyote, ila nywele zangu zisitoke humu ndani. Mimi hata sizitupi, nazichoma."

"Sawa, mke wangu," akaitikia, huku anazitia mfukoni. Mwanamume mzima, anamwibia mkewe nywele.

Tangu hapo mke akawa anapukutika. Hospitali walipima hiki na kile, wasione kitu. Nywele zilitoka kwa mafungu, mwili ukabaki mifupa, na mdogo wake akahamia pale kumuuguza. Bwana Msitu alimpenda mkewe kweli, hilo tusimnyime. Alilia chooni asionekane. Kisha alirudi mezani kusokota waya.

Jioni hiyo alikuta mlango wa Stesheni uko wazi. Akapiga hodi. Akaingia.

Kilichomsimamisha ni harufu.

Mafuta ya nywele ya mkewe, yale anayochanganya mwenyewe jikoni. Chumba kizima kilinukia. Treni ilikuwa inazunguka gizani, tiki-tiki... tiki-tiki... ikipita chini ya miti. Na miti ile, aliyoileta ikiwa sawa na kidole, sasa ilikuwa na urefu wa mkono. Ilikuwa inayumba, na dirisha limefungwa.

"Usiwashe taa," Stesheni alinong'ona kutoka kwenye kona. "Haipendi."

"Mzee... hii ni miti yangu?"

"Ni yako. Ile iliyokauka karibu na daraja niliitengeneza mimi. Mama watoto alikuwa na nywele ndefu." Akaugusa ubao. "Aliyeniuzia ubao huu alikataa kuingia chumbani kuubeba. Nikamwona mjinga."

Bwana Msitu hakungoja zaidi. Alishika mti wa karibu, akavuta. Ukagoma. Akavuta kwa nguvu zote, na chini ya ubao kitu kikakatika taratibu, kama mshipa.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, rudi nyumbani. Dada amepiga kelele, ameshika kichwa. Mto umejaa damu."

Aliurudisha mti kwenye tundu lake, akaukandamiza kwa mikono miwili.

"Imeacha kutoka," shemeji alisema. "Sijui imekuwaje, lakini imeacha."

Akakata simu. Akakaa sakafuni.

"Ukiing'oa, anakwenda papo hapo," Stesheni alinong'ona. "Ukiiacha, inamnyonya kidogo kidogo. Mimi niliiacha, nikazika."

"Ulijua, mzee. Uliona nywele, ukanyamaza."

"Niliziona kwenye mti wako wa kwanza. Lakini chumba kilikuwa kimekauka, mwanangu. Nikataka nione tena kitu kinaota." Mzee alikuwa analia. "Upweke ni kitu kibaya."

"Hakuna dawa?"

"Dawa hakuna. Kuna kumpunguzia tu. Ukipanda miti yenye nywele za mtu mwingine, wanagawana mzigo. Mimi nilikosa moyo huo."

"Wanagawana mpaka lini?"

Stesheni akaugeukia ubao. Treni ilipita... ikapita tena.

Nyumbani, mkewe alikuwa amelala, kichwa kimefungwa kitambaa chenye madoa. Alihema kwa shida. Bwana Msitu alimshika mkono, ukawa mwepesi hata akaogopa kuufumbata. Akatoka sebuleni.

Shemeji yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, anafumua misuko yake. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Nywele zilizokatika zilikuwa zimemzunguka magotini.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Hamna. Nenda kalale, umechoka. Hapa nitafagia mimi."

Shemeji alimwangalia kwa shukrani, akajikokota kuinuka. "Dada yangu alipata mume," alisema, akaingia chumbani kulala karibu na mgonjwa.

Bwana Msitu alisubiri mpaka kitanda kilipotulia. Ufagio hakuugusa. Alichuchumaa, akaanza kuziokota mojamoja.