Namba Kubwa Kuliko Zote

Kila asubuhi kabla ya shule, Murekatete alibeba bidoni ya maziwa kutoka kwenye zizi la baba yake, mzee Karangwa, akateremka nayo hadi kituo cha maziwa cha Ngungu. Foleni ya pale ilikuwa na kelele nyingi, maana wafugaji hawakosi la kutaniana. Lakini Papa Dusabimana, mpokeaji wa maziwa, alipozamisha kipimo chake cha kioo ndani ya bidoni, wote walinyamaza. Namba ikiwa ndogo, ni kwamba mtu ametia maji, na atarudi nyumbani na maziwa yake huku watu wakimtazama.

"Makumi tatu na mbili!" alisoma Papa Dusabimana siku hiyo. "Maziwa ya Karangwa haiko na mashaka."

Murekatete alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna sifa aliyoipenda kuliko hiyo. Alichukua lita moja iliyobaki, akaipeleka shuleni kwa ajili ya chai ya walimu, kama alivyofanya kila siku.

Ofisi ya Mama Adelaïde, mkuu wa shule, ilikuwa wazi na haikuwa na mtu. Nyuma ya ukuta jenereta ilinguruma. Mezani kulikuwa na skrini mpya ya kompyuta. Tuseme ilikuwa mpya kwa Ngungu tu, kwa sababu huko Goma ilikonunuliwa ilikuwa imekwisha kutumiwa na watu wengine kwa miaka mingi. Ilikuwa imefika jana jioni kwa pikipiki ya Papa Esdras, na sasa ilionyesha orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita. Lakini picha haikukaa sawa. Herufi zilikuwa zimevimba ubavuni, hata jina la Murekatete mwenyewe lilionekana kama limekula ugali wa watu watatu.

Wanafunzi walikatazwa kabisa kugusa kompyuta, na Murekatete alilijua hilo. Ila wakati wa likizo alikuwa amemwona binamu yake akirekebisha picha ya skrini kule Goma, na tangu hapo alijiona fundi. Aliwaza jinsi Mama Adelaïde atakavyorudi na kushangaa. Akashika kipanya.

Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka ikafunguka orodha ya vipimo vya picha: 800 kwa 600, 1024 kwa 768, na vingine vingi. Cha juu kabisa kilikuwa 1920 kwa 1080. Sasa mtoto wa wauza maziwa angechagua kipi? Kwao namba ndogo ni aibu na namba kubwa ni sifa. Akachagua kubwa kuliko zote.

Skrini ikawa nyeusi. Kisanduku kidogo chenye maandishi ya Kichina kikatokea, kikawa kinahama kutoka pembe moja hadi nyingine. Murekatete akaogopa. Akabonyeza vitufe hovyo, vyote vilivyokuwa karibu na vidole vyake, na kile kisanduku nacho kikapotea. Hapakubaki kitu. Akaweka maziwa sakafuni, akatoka bila kutazama nyuma.

Kengele ilikuwa haijapigwa aliposikia sauti ya Mama Adelaïde ikipanda ofisini. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika mlangoni, na Murekatete akajipenyeza kati yao. Ndani, Mwalimu Athanase wa mwaka wa sita alikuwa ameinama mbele ya skrini. Karibu naye alisimama Papa Esdras, dereva wa pikipiki, aliyekuja kuchukua mzigo wa asubuhi hiyo, kofia yake mkononi na blanketi begani.

"Ekra hii ilipigwa mu njia," alisema Mwalimu Athanase. "Nikiwasha, iko inaonyesha kitu kidogo, kisha inakufa. Kuko kitu kimelegea mu ndani."

Mama Adelaïde alimgeukia Papa Esdras. "Ulianguka nayo wapi?"

"Sikuanguka, Mama Directrice. Mu matope yote nilipita pole pole. Angalia, niliifunga mu blanketi ya mutoto wangu!"

"Mwezi wenye ulipita ulituletea chaki, ikafika unga."

"Ile nilikubali mimi mwenyewe. Lakini hii, hapana."

"Papa Esdras, orodha inapaswa kufika kwa inspekta mbele ya saa sita. Ikichelewa, batoto wangu hawataandikwa kwa mutihani. Unaelewa?" Sauti yake ilikuwa kali, na hofu ilisikika ndani yake. "Tangu leo muntu mwingine atabeba mizigo ya shule. Na komite ya wazazi nitaieleza juu ya nini nilikuondoa."

Papa Esdras alionyesha pikipiki yake nje kwa kofia. "Mukisema vile, nani mu Ngungu atanipa tena muzigo? Sina shamba, sina ng'ombe. Niko na hii moto tu, Mama."

Macho ya Mama Adelaïde yalikuwa yamemwangukia Murekatete mlangoni.

"Wewe njo ulileta maziwa. Mimi niliacha ekra inawaka. Uliikuta vipi?"

Watu wote wakageuka. Murekatete aliliona kichwani jina la baba yake likisemwa vibaya kituoni, akawaona wenzake wakimcheka.

"Ilikuwa nyeusi, Mama Directrice," alisema.

Alitegemea Papa Esdras angekasirika na kubisha. Ingekuwa afadhali. Yule baba alimtazama tu, kisha akainamisha kichwa.

"Mutoto wa Karangwa hawezi kusema uongo," alisema taratibu. "Kama aliikuta nyeusi, basi... Labda ni pale ku daraja ya miti. Moto iliteleza kidogo. Labda iligonga ku ile chuma ya pembeni, na mimi sikusikia."

Akaanza kukunja blanketi la mtoto wake. Lilikuwa safi, halikuwa na hata tone moja la matope, na yeye aliendelea kulitafuta hilo tone, akiligeuza upande huu na ule. Murekatete aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Papa Esdras, hapana!" alilia. "Ku daraja haikugonga kitu! Ni mimi. Niliikuta inawaka, nikaigusa, ikazima."

Mama Adelaïde alifungua kinywa, lakini Mwalimu Athanase alimtangulia.

"Uligusa nini? Sema yote, usiache hata kimoja."

"Nilibadilisha kipimo ya picha, Mwalimu. Nilichagua 1920 kwa 1080. Nilizani nimero kubwa njo muzuri, kama ku maziwa. Kisha nikabonyeza bonyeza."

Mwalimu Athanase alijipiga paji la uso. "Basi haijakufa! Iko inaombwa kitu chenye haiwezi kutoa!"

Akaigeuza skrini, akafuta vumbi mgongoni mwake kwa mkono wa shati. Palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa, na juu yake kipimo chake halisi: 1440 kwa 900. Alizima kompyuta, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe kimoja mfululizo. Nyuma ya ukuta jenereta ikakohoa.

"Petroli iko karibu kuisha," alisema Mama Adelaïde.

"Tusubiri, Mama."

Picha ikarudi, kubwa na mbaya, lakini picha. Mwalimu Athanase alifungua ile orodha ya vipimo, akachagua 1440 kwa 900. Skrini ikawa nyeusi tena kwa muda mfupi, na Murekatete akafumba macho. Alipoyafumbua, herufi zilikuwa zimenyooka, na katikati paliandikwa swali huku sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma.

"Ona," Mwalimu alimwambia. "Mashine iko inauliza kama tunaona vizuri. Tusipojibu, inarudi yenyewe ku kipimo ya zamani; ukibonyeza hovyo, inazani umekubali. Asubuhi ungengoja sekunde kumi na tano tu bila kugusa kitu, haya yote hayangefika."

Akathibitisha. Orodha ikatoka kwenye mashine ya kuchapa, karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Ya pili ilipoanguka mezani, jenereta ikazimika.

Mama Adelaïde alisaini, akapiga muhuri, lakini hakumpa mtu karatasi hizo mara moja. Alisimama akiwaelekea wanafunzi mlangoni.

"Papa Esdras, nilikuhukumu mbele ya batoto hawa. Mbele yao njo ninakuomba pardon. Tafadhali, wewe beba orodha yetu."

Kisha akamgeukia Murekatete. "Kugusa kitu chenye ulikatazwa ni kosa, na wiki muzima utafagia bureau hii. Lakini sikia neno moja. Mwalimu wako na akili yake yote hakuweza kitu mpaka uliposema kweli. Ukiharibu, sema mara moja, hata kama unaogopa. Kosa lenye linasemwa, watu wanaweza kulitengeneza."

"Ndiyo, Mama Directrice."

Murekatete alimfuata Papa Esdras hadi kwenye pikipiki. Alitaka kuomba msamaha, lakini machozi yalitangulia maneno. Papa Esdras aliiweka orodha kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, akafunga koti.

"Nimekusamehe, mutoto wangu," alisema. "Lakini unajua kitu gani kiliniogopesha? Nilikuwa nimeanza kuisikia ile chuma ya ku daraja. Nilikuwa nakumbuka mahali kwenye sikuanguka. Muntu asifanyiwe vile, hata na mukubwa, hata na mutoto."

Akaiwasha pikipiki kwa teke, akaondoka kwa mwendo wa taratibu kuelekea bondeni. Murekatete alifuta uso wake, akaenda darasani.