Salamu za Mwisho za Mchana

Fundi mitambo wa redio, jirani yetu tuliyemwita Waya kwa wembamba wake, aliamka siku ile kama siku zote. Akanywa chai yake, akambusu mwanawe ambaye hata kukaa alikuwa bado, akamwacha na yaya mpya. Mkewe alikuwa keshakwenda kazini.

Redio yao ilikuwa inabadilika. Nyimbo za zamani, basi. Kuanzia kesho yake ni za vijana, kutwa kucha, ngoma juu ya ngoma. Na kile kipindi cha salamu za mchana ndicho kilichokuwa kinakwenda kuzikwa.

Kipindi kile kilikuwa na mwiko wake. Mtangazaji hakusoma jina la mtu kabla hajapiga simu kwao kuuliza, "Bado yupo?" Maana aliyelala chini ukimsalimu hewani, umemwamsha.

"Waya, weka mkanda wowote wa zamani tuwaage wasikilizaji," meneja mpya akasema. "Ule wenye salamu tele."

"Bosi, humo kuna watu walishatangulia."

"Basi hawatapiga simu kulalamika!"

Waya naye akacheka, akauweka. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Sauti ya mtangazaji wa zamani ikatoka, tamu kama asali. Ikamtaja huyu, ikamtaja yule. Kisha ikasema: "Na mama mzazi wa fundi wetu Waya. Shikamoo, mama. Mwanao kahamia nyumba mpya. Anasema karibu sana kwake."

Waya akaganda. Salamu zile alizituma mwenyewe, zamani, akasahau. Na mama alizikwa hajaiona nyumba hiyo.

Simu ya studio ikalia. Akainua. Hapakuwa na mtu. Sauti ya mchanga tu, unamwagika taratibu.

Akapiga nyumbani.

"Yaya. Funga mlango."

"Umechelewa, baba," yaya akajibu kwa furaha. "Bibi yake ameshafika! Anasema kapata salamu zenu redioni. Nimempa mtoto ambembeleze."

"Yuko wapi?"

"Chumbani. Alikuwa anamwimbia." Yaya akashusha sauti. "Sasa kanyamaza."

Waya alikimbia. Hakuaga. Hakufunga hata viatu.

Mtoto alikuwa kitandani, mzima, macho kodo. Shuka limejaa udongo mbichi. Bibi hayupo. Na yaya akaapa kwamba mlangoni hakutoka mtu.

Tangu hapo mtoto yule hajalia. Mama yake akimwita, hageuki. Waya ameacha kazi, redio ya nyumbani ameitoa betri na kuifungia kabatini.

Lakini jua likifika utosini, mle kabatini husikika sauti tamu kama asali: "Shikamoo, mama."

Na pale kitandani, kinywa kisicho na jino hata moja huitikia, kwa sauti nzito, ya kizee:

"Marahaba."