Waisiko, Mwana wa Boke

Jina la mwisho ubaoni halikuwa na mwenyewe.

Boke aliliona Jumanne saa nane mchana, alipoingia kwenye chumba cha gemu kuwafokea wateja wapunguze makelele. Ubao ule aliutundika mkamwana wake, Neema, anayekiendesha chumba hicho hapo nyumbani kwao, mtaa wa Bomani. Kila mteja aliandika kwa chaki jina lake na gemu anayoicheza wiki ile na kuifurahia, ili Neema ajue ipi ibaki na ipi imeshachosha watu. Mwalimu Lusekelo alikuwa ameandika mpira. Nesi Theodosia, shamba la kuku: mtu mzima katoka wodini hoi, badala ya kulala anakwenda kulisha kuku wa kwenye runinga. Chini kabisa, kwa mwandiko ulionyooka kama uzi, palikuwa na maneno haya:

*Waisiko. Nyumba ya Boke. Naifurahia sana.*

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Shikamoo, mama," Lusekelo alisema bila kuacha kubonyeza pedi ya gemu.

"Nimeuliza nani, sijaomba shikamoo."

"Sisi tulidhani ni Neema. Waisiko ni nani kwani?"

Lusekelo alikuwa mtu wa Mbeya, angejulia wapi. Waisiko alikuwa mtoto wa kiume wa Boke, na hakuwahi kuzaliwa.

Boke alizaa mabinti watupu, na wote wameolewa. Mumewe alipokufa, shemeji yake Wegesa alianza kukipima kiwanja kwa hatua zake, kila Jumapili, akitoka kanisani. Boke akafanya wafanyavyo wanawake wa Kikurya waliokosa mtoto wa kiume: nyumba ntobhu. Alitoa ng'ombe, akaoa mke wa kumzalia watoto wa nyumba yake. Mke huyo ndiye Neema, binti kutoka Natta. Kosa lilifanyika siku ya mahari. Baba yake Neema, mzee wa kanisa, aliona aibu kusema binti yake kaolewa na bibi kizee, akataka jina la mwanamume. "Basi andika Waisiko," Boke akasema mbele ya mashahidi. "Anaoa mwanangu Waisiko." Watu wakacheka, wakala nyama. Baba wa mtoto, Boke alimchagua mwenyewe, fundi matairi asiye na maneno mengi. Akazaliwa Elia. Kwenye kadi ya kliniki wakaandika Elia Waisiko, na Wegesa akaacha kupima.

Boke alifuta maandishi kwa kiganja. Chaki ilinuka maziwa yaliyoungulia sufuriani.

Kesho yake umeme ulikatika tangu asubuhi. Neema akafunga chumba kwa kufuli, akaenda jikoni kumenya ndizi. Adhuhuri Boke akasikia pedi zinabonyezwa huko ndani. Ka, ka, ka-ka.

"Neema, umemfungia mtu?"

Neema alikiweka kisu chini. Akasimama, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, akageuka kama askari wa gwaride, akaenda kwenye pipa la maji. Akachota ndoo, akaimwaga. Akachota, akaimwaga. Elia alikuwa analia miguuni pake, naye akamruka kama anavyorukwa mbwa aliyelala njiani.

"Wewe! Umelewa?"

Macho ya Neema yalikuwa wazi, na chozi lilikuwa linateremka peke yake. Pua ya Boke ikamkumbusha ile chaki, maana harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imejaa uani. Akanyakua ufunguo, akakimbilia chumba cha gemu, na alipousukuma mlango aliikuta runinga inawaka bila umeme, na ndani yake, kama anayeangalia ni ndege aliye juu, akaona mabati yake mwenyewe yenye kutu, akaona pipa, akaona mwanamke mdogo kama siafu akichota na kumwaga, na pembeni kitoto kimekaa kwenye tope, na pale kwenye benchi ambapo hapakuwa na mtu pedi ilikuwa imeinuka kiasi cha kimo cha mapaja ya mtu aliyeketi, vibonyezo vyake vinazama na kuibuka, vinazama na kuibuka, bila haraka, kama vya mtu aliyeshiba na ana siku nzima mbele yake.

Boke aliivuta pedi. Iliunguza kama kikaango, lakini hakuiachia mpaka waya ulipokatika. Nje, Neema akaanguka kwa kishindo.

Ubaoni palikuwa na maandishi mapya: *Mama, usinikatize.*

"Mama!" Boke alitema mate. "Hivi mimi nizae takataka kama wewe?"

Akamwita Nassib, afisa mifugo kutoka Pangani, ambaye asubuhi huchanja ng'ombe na jioni huwasomea watu dua. Alikuja na kofia yake na kitabu cha dua, akasoma, akasoma tena, jasho likamlowesha mgongo. Ndipo runinga iliyozimwa ikasema, kwa sauti ya kijana mpole:

"Mimi ni wa humu. Mama alinitaja mwenyewe mbele ya mashahidi. Wewe ulitajwa na nani?"

Nassib akafunga kitabu. Akanong'ona, "Mama Boke, jini asiye na kwao namfukuza mimi. Huyu alipita akakuta jina halina mtu, akaingia. Sasa ana mama, ana mke, ana mtoto. Nimfukuzie wapi, naye yuko kwao?"

"Anataka nini?"

"Muulize mwanao."

Sauti haikusubiri kuulizwa. "Huyu mke nimeshamzoea. Kesho nitamcheza mtoto."

Neema, aliyelazwa mkekani, akamkumbatia Elia.

"Dawa ni moja," Nassib alisema. "Ulimtaja mbele za watu. Mbele za watu useme hayupo."

"Wegesa akisikia Elia hana baba, kiwanja kimekwenda."

"Hayo si ya dua, mama."

Asubuhi Boke aliwaita wazee wa ukoo. Wegesa alifika wa kwanza, kwani fisi hakawii kwenye mzoga. Walipokuwa bado wanavuta viti, pedi zikaanza huko ndani, ka, ka, na Elia akashuka mapajani mwa mama yake, akaenda moja kwa moja, mtoto wa miaka miwili asiyeyumba, akageuka kona ya banda kama askari na kuifuata njia iendayo barabarani ambako malori ya kwenda mpakani Sirari yalikuwa yanapita yakipiga honi, Neema akamdaka akaburutwa, Nassib akamdaka akaburutwa, na Boke akamrukia na kumlalia kwa uzito wake wote, akihisi kile kimwili kidogo kinamsukuma kwa nguvu za dume la ng'ombe, uso wa mtoto uko tulivu, mdomo wake unatabasamu tabasamu la mtu mzima.

"Sina mtoto wa kiume!" Boke akapiga ukelele. "Mnasikia, nyie wazee? Sina! Waisiko hakuzaliwa. Kitovu chake hakikuzikwa humu, sikumnyonyesha, simjui! Nilimtunga kwa mdomo wangu huu, na kwa mdomo huu huu namfuta. Toka, mwizi wa majina! Toka, huna mama hapa!"

Kioo cha runinga kikapasuka ndani ya chumba. Mbwa wa jirani wote wakabweka wakielekea upande mmoja, kisha wakanyamaza. Elia akalegea, akamkojolea Boke, akalia kilio cha mtoto.

Wegesa akajikohoza. "Tumesikia wote, shemeji. Kwa hiyo kiwanja..."

"Chukua! Ukitafune kwa hayo meno yako manne, kikukwame!"

Akainuka, akajipangusa magoti, akamgeukia Neema. "Na wewe huna mume tena. Nakufungulia. Nenda kwenu."

Neema alikuwa anamfunga Elia mgongoni kwa khanga. Hakuinua sauti.

"Unanifungulia? Ulinioza kwa mtu asiyekuwepo. Ukanichagulia wa kulala naye. Leo umenifanya mjane wa hewa, na bado unaniambia pa kwenda. Yule alinichezea siku moja, mama. Wewe miaka minne."

Boke akainama, akajipangusa tena magoti aliyokwisha kuyapangusa.

Neema akaingia ndani, akatoka na begi. Jini alipotoka alivunja kioo. Neema alipotoka alifunga mlango taratibu, na mlio huo mdogo wa kitasa ndio uliomkalisha Boke chini.