Msumari Ambao Gidamis Hakuusikia

Hoteli ya Gidamis ilikuwa kando ya barabara ya Hirbadaw, karibu na mashamba ya ngano ya serikali. Kila asubuhi madereva wa matrekta na kombaini za kuvunia walifika kunywa chai ya maziwa na kula chapati. Wengine walikuja kumwona tu mwenye hoteli.

Gidamis alikuwa mrefu kuliko mlango wake. Ujanani aliacha kuchunga ng'ombe wa baba yake, akaenda jeshini. Huko alijifunza mpira wa kikapu, akacheza hadi timu ya taifa. Alipostaafu alirudi kwao Hanang na mkewe Helena na binti yao Zita, wakafungua hoteli.

Biashara iliwaendea vizuri. Wateja walipenda habari za mechi za zamani. Gidamis alizisimulia akiwa ameketi, mkononi kikombe cha chai yenye sukari nyingi, mbele yake sahani ya maandazi. Alikula kama alivyokula alipokuwa akikimbia kutwa. Sasa hakukimbia. Hata dukani alienda kwa pikipiki.

Mwaka ule alishikwa na kiu isiyoisha. Alienda haja ndogo kila mara. Macho yaliona ukungu, na suruali zikamlegea kiunoni. Helena alimsihi aende zahanati. Gidamis alimjibu kwamba mwili wa mwanamichezo hujitibu wenyewe. Tena kule kupungua kulimfurahisha. Alisema umbo la ujana linarudi.

Asubuhi moja, akiwa anahudumia wateja, alimwona Helena amesimama na birika mkononi, anatazama sakafu. Gidamis naye akatazama. Nyayo kubwa za damu zilitoka jikoni, zikapita kati ya meza, zikaishia pale aliposimama yeye.

"Nani ameumia?" aliuliza.

"Baba Zita," Helena alisema polepole, "ni mguu wako."

Aliinua mguu. Msumari ulikuwa umetoboa kandambili na kuzama kwenye nyama, chini ya kidole gumba. Gidamis aliketi, akauchomoa kwa mkono wake. Damu ilitoka, maumivu hayakuja. Akajifinya kwa kucha. Ilikuwa kama anafinya mguu wa mtu mwingine. Miguu hiyohiyo ndiyo iliyomrusha juu mbele ya maelfu ya watu, na sasa ilikuwa haimwambii kitu.

Fundi mmoja alishauri wapake majivu. Helena alikataa, akampeleka mumewe zahanati.

Muuguzi Perpetua alimwamkia shikamoo, akaosha jeraha, akamuuliza kuhusu kiu na mkojo. Aliuliza pia kama sisimizi hukusanyika pale anapokojoa. Helena alijibu kwamba wamekuwa wakikusanyika tangu kabla ya mavuno. Perpetua akampima sukari kwenye damu.

"Mzee, una kisukari," alisema. "Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Ndiyo maana hukuusikia msumari."

"Lakini mimi nimechezea taifa," Gidamis alisema. "Sijawahi kulazwa hata siku moja."

"Sifa hiyo ni yako, mzee. Ila kisukari hakiulizi mtu alicheza wapi."

Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali ya mjini. Kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani, kwa kuwa msumari ulikuwa umekaa kwenye kandambili siku kadhaa, ukimchoma kila alipoivaa bila yeye kujua. Daktari alikata kidole gumba ili kuokoa mguu.

Gidamis alilala akitazama bandeji kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Alifikiri juu ya maisha yake. Zamani kocha alimchunga: ale nini, apumzike lini. Alipostaafu hakuna aliyemchunga, naye hakujichunga. Alidhani ushindi wa jana utamlinda hadi uzeeni.

Kabla ya kuruhusiwa alifundishwa. Ameze vidonge kila siku, hata akijisikia mzima. Aache sukari, apunguze ugali, aongeze mboga na maharage. Kidonda kikipona, atembee. Akague miguu kila jioni, hasa chini ya nyayo. Avae viatu vya kufunika. Na wakati wa baridi asiisogeze miguu yake karibu na moto, kwani ataungua bila kujua.

Nyumbani Helena aliacha kupika chai na sukari. Sukari iliwekwa mezani, kila mteja ajitilie mwenyewe. Wachache walinung'unika, wakazoea. Maharage na mboga za majani zikaongezwa, na wateja hawakupungua. Kidonda kilifunga. Ukungu machoni ukaondoka. Gidamis akaiuza pikipiki, akawa anatembea kwenda dukani.

Siku moja vijana wa shambani walimwita azungumze nao kabla ya mechi. Walitegemea kusikia habari za vikombe. Gidamis alivua kiatu na soksi, akawaonyesha mguu wake. Hakuna aliyecheka.

"Huu ndio mguu wa mchezaji wa taifa," alisema. "Kiu ilinionya, mke wangu akanionya. Nikajiona bingwa."

Walipotawanyika, Nicodemo, dereva wa kombaini, alibaki nyuma. Alimnong'oneza kwamba yeye pia hunywa maji bila kukata kiu. Gidamis alivaa kiatu chake, wakatembea pamoja hadi zahanati.

Nicodemo alikutwa na kisukari, lakini kilikuwa bado kichanga. Perpetua alimgusa unyayo kwa kipande cha pamba. Nicodemo akauvuta mguu haraka, akasema inamtekenya.