Fumbo la Wanaoanza Lililomliza Fundi Saa

"Kitabu chenu kinamuua baba yangu."

Ndugu wasomaji, huyo alikuwa dada nisiyemjua. Aliingia ofisini bila hodi, akaweka mezani kitabu chetu cha mafumbo ya sataranji, kile cha wanaoanza.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki mafumbo kabla hayajachapwa. Hicho kilichapwa kabla sijaajiriwa.

Akanieleza. Baba yake ni fundi saa, na ndiye aliyewafundisha wanawe sataranji. Kaka yake alimletea mzee kitabu hicho ajipime akili. Mzee amekwama kwenye fumbo moja... hali, halali. Sasa ameamini kichwa chake kimekwisha, na jioni hiyo anamkabidhi kaka funguo za duka.

"Fumbo la wanaoanza, mdogo wangu. Baba analia."

Nikapanga kete mezani. Nikajaribu huku, nikajaribu kule... hakuna njia.

Nikafungua nyuma nione jibu. Kurasa za majibu zilikuwa zimechanwa.

"Nani kazichana?"

"Kaka. Alisema mzee asije akaibia."

Nikachukua nakala ya ofisini. Jibu lilisema: farasi anaruka, mfalme hana pa kukimbilia.

Farasi yupi? Kwenye mchoro hakuna farasi! Alidondoka kitabu kilipokuwa kinachapwa.

Nikamwahidi yule dada kwamba kabla ya jioni nitafika kwao, nimwambie mzee kwa mdomo wangu kuwa kosa ni letu.

Nikaenda kwa bosi, nikamweleza. Akacheka. Kosa hilo analijua, akasema, kuna mtu alishapiga simu kuliuliza, naye bosi akamweleza kila kitu na kumwomba asilitangaze.

"Mtu gani, bosi?"

"Sikumuuliza jina. Alisema baba yake ni fundi saa."



Kaka alijua!

Niliomba ruhusa nikamwambie mzee.

"Nenda. Ila ukimwambia mtu yeyote kuwa kitabu changu ni kibovu, hapa usirudi. Umenisikia, profesa?"

Nilikwenda.

Jioni ilikuwa haijafika, lakini nilikuta funguo zimeshatua mkononi mwa kaka. Nikamwamkia mzee, nikaweka farasi kwenye ubao wake.

"Baba, huyu tulimsahau sisi. Kichwa chako ni kizima."

Mzee alitazama kidogo tu. Akamrusha farasi. Mfalme kwisha habari yake.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulijua?"

Kaka akazifumbata funguo.

Nilidhani mzee atazidai funguo zake. Hakuzidai.

"Kaa nazo," alisema taratibu. "Kumbe ulizitaka kuliko unavyonitaka mimi."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Ndugu zangu, mzazi akianza kujiita mjinga, usikimbilie kumkubalia. Kaa naye, angalia kwanza alichopewa na aliyempa.

Mimi sasa natafuta kazi, na maombi yangu hayajajibiwa. Duka lile kaka kalipangisha. Lakini dada ananiambia mzee analala usingizi... na nilisema nitafika kabla ya jioni, nikafika.