Kigae cha Mjomba Damoni

Kila asubuhi Nikareti alimsaidia baba yake kuandika majina ya wateja kwenye mitungi. Katika mtaa mzima wa wafinyanzi wa Athene, hakuna mtoto aliyemshinda kwa mwandiko. Ndiyo maana mjomba wake Damoni, mkulima asiyejua hata herufi moja, alipitia kwao siku ile ya kura.

Siku hiyo raia, wanaume tu, walikuwa wanaamua nani afukuzwe mjini kwa miaka kumi. Kila mmoja alipeleka sokoni kigae chenye jina la mtu anayemkataa.

"Niandikie Kalipo," mjomba alisema, akimpa kipande cha mtungi uliovunjika. "Kaziba mfereji, mizeituni yangu inakauka, na nikimwendea ananicheka."

Nikareti alishika msumari. Moyo ulikuwa unamchemka tangu alfajiri, lakini si kwa ajili ya Kalipo. Alikuwa anamfikiria Evdiko, yule msemaji hodari aliyewashawishi watu wapeleke meli vitani. Kaka yake alikwenda kupiga makasia katika moja ya meli hizo, na hata mwili wa kuzika hawakuupata. Akakwaruza jina la Evdiko, akampa mjomba kigae huku akitabasamu.

"Asante, mama. Una mkono mzuri wewe."

Haukupita muda mjomba akarudi, jasho linamtiririka.

"Jamaa mmoja kwenye foleni kanisomea. Umeandika nini hapa?"

"Evdiko! Kalipo kaziba maji tu. Yule kamuua kaka!"

"Kwani mimi sikumlilia kaka yako?" Mjomba alikiinua kigae kwa hasira. "Hili neno jipya, demokrasia, unalisikia kila kona. Demos ni watu: mimi, baba yako, muuza vitunguu. Kratos ni nguvu. Babu yangu aliamuliwa kila kitu na matajiri, kazi yake ikawa kuitikia. Mimi nguvu yangu leo ni hiki kigae. Na aliyeninyang'anya si tajiri, ni wewe, kwa kuwa unajua sijui kusoma."

"Na mimi je? Kigae changu kiko wapi? Wanawake si watu?"

Mjomba alikishusha kigae.

"Ni watu, na hamkupewa," alisema. "Kasirika, una haki. Ungegombana na mimi, pengine ningemkataa huyo Evdiko mwenyewe. Lakini hukuniuliza."

Nikareti alichukua kigae kingine, akaandika Kalipo, machozi yakimdondokea mkononi. Mjomba alikipokea. Badala ya kuondoka, akaenda nacho hadi kwenye tanuri, alikokuwa baba.

"Shemeji, hebu nisomee hapa."

"Kalipo," baba alisoma. Nikareti aliinamisha uso kwa aibu.

"Asubuhi nilikuamini, nisingemuuliza mtu mwingine," mjomba alimwambia akitoka. "Anayejua kusoma akimdanganya asiyejua, watu hawatawali tena. Tumerudi enzi za babu yangu."

Akaelekea sokoni, kigae amekikamata kwa mikono miwili.