Doreen Blanchard Alivyomshtaki Fundi wa Bafu

Kila asubuhi Doreen Blanchard alichemsha maji ya chai kwanza, halafu maji ya kumwogeshea mumewe. Clifford aliketi jikoni kwenye kiti cha mbao, taulo mabegani, macho ukutani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amebeba makreti ya samaki kwenye gati la bandari ya Grimsby. Sasa kiharusi kilikuwa kimeuchukua mguu wake wa kushoto na nusu ya nguvu za mkono. Ngazi za kupanda bafu la juu hakuziweza tena. Alioga kwa beseni na kitambaa.

Ndiyo maana walijenga bafu jipya chini. Lilikuwa bafu lisilo na kizingiti, ili Clifford aingie na fremu yake ya kutembelea, akae, maji yamwagikie mwilini. Kazi walimpa Wayne Tasker, fundi mwenye gari jeupe na maneno matamu. Aliandika mwenyewe kwamba sakafu itateremkia kwenye tundu la kutolea maji. Alimaliza kwa siku tisa, akalipwa chake chote, akaondoka akipiga mluzi.

Siku ya kwanza Clifford alipooga, maji hayakwenda kwenye tundu. Yalikwenda mlangoni, yakapita chini ya mlango, yakalowesha zulia la ukumbini. Clifford alipotaka kusimama, fremu iliteleza. Doreen alimdaka kwapani, wakabaki wameegemea ukuta.

Tasker alipoitwa alikuja, akachungulia bila kuvua viatu. Alisema nyumba ni kuukuu, imekaa upande, na yeye hana kosa.

"Mama, maji ni maji," alimwambia Doreen. "Nunua mpira wa kusukumia, usukume. Ni mazoezi pia."

Baada ya hapo hakupokea simu. Doreen akarudi kwenye beseni, na Clifford akarudi kutazama ukuta.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Yvonne Rudkin. Kabla ya kustaafu, Yvonne alikuwa karani wa mahakama ya madai. Jumamosi moja alikuja kunywa chai, akakanyaga zulia la ukumbini, likalia chwa chini ya kiatu chake. Akauliza kulikoni. Doreen alimweleza yote, kisha akasema Jumatatu ataita fundi mwingine ang'oe sakafu nzima, yaishe.

"Usiguse kigae hata kimoja, shoga yangu," Yvonne alisema. "Ukiking'oa leo, kesho utamwonyesha hakimu nini?"

Doreen aliposikia neno hakimu aliweka kikombe chini. Alisema mahakama ni ya wezi na wagomvi. Alisema wakili atamla kuliko huyo fundi. Yvonne akamweleza taratibu kwamba kuna njia ya madai madogo, iliyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Wengi hujisemea wenyewe, bila wakili. Mahakama hutoza ada, lakini mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe, na anayeshinda kwa kawaida hurudishiwa ada yake na yule aliyeshindwa.

"Ila usikimbilie huko kwanza," alisema. "Mwandikie. Mpe nafasi ya kurekebisha. Mahakama itataka kujua kama ulimpa."

Basi wakaandika barua mezani, Clifford akiwasikiliza. Barua haikuwa na tusi hata moja. Ilisema walikubaliana nini, kazi ilikuwa na kasoro gani, Doreen anataka nini, na kwamba Tasker ana siku kumi na nne kabla ya dai kupelekwa mahakamani. Doreen alibaki na nakala, na posta akachukua hati ya kuonyesha kwamba ameituma.

Jibu lilikuja kwa simu, maandishi ya mstari mmoja: "Nishtaki basi, bibi. Tuone."

Doreen alitaka kuufuta ujumbe ule kwa hasira. Clifford akanyoosha mkono wake mzima, akamzuia. "Uache," alisema. "Ameandika mwenyewe."

Siku kumi na nne zikapita. Doreen alipiga picha za maji yakikimbilia mlangoni. Akamwita fundi mwingine, mzee Osgerby, aliyepiga magoti na kuweka pimamaji sakafuni. Tone la hewa ndani ya kioo chake likakimbilia upande wa tundu, maana yake huko ndiko kulikokuwa juu. Osgerby akaandika aliyoyaona, na gharama ya kujenga upya. Fundi mwingine tena naye akatoa makadirio yake, ili isionekane wamechagua bei ya juu.

Hapo ndipo Doreen alipojaza hati ya madai. Mahakama ilipomtumia fomu ya maswali, aliomba ruhusa ya kutumia ripoti ya Osgerby, kwa sababu Yvonne alimwonya kwamba ripoti ya mtaalamu haitumiki mpaka mahakama ikubali. Ruhusa ilitolewa.

Tasker alijitetea kwa maandishi. Safari hii alisema sakafu ilipindishwa na fremu ya Clifford. Kabla ya kusikilizwa, mpatanishi wa mahakama alimpigia simu kila upande kwa zamu. Tasker alikuwa tayari kuja kupaka gundi mlangoni, basi. Doreen alimwambia mpatanishi kwamba asante, lakini gundi haigeuzi mteremko.

Siku ya kesi ikafika, miezi saba baada ya Tasker kumaliza kazi. Doreen alivaa koti lake la bluu la harusini, akabeba faili lenye kurasa zilizotiwa namba. Alitazamia jumba kubwa na watu waliovaa mawigi. Alikuta chumba kidogo chenye meza, na mwanamke mwenye miwani aliyemwomba akae. Huyo ndiye hakimu. Hata hivyo Doreen aliificha mikono yake chini ya meza.

Alieleza hatua kwa hatua, akitaja ukurasa kila mara. Kisha Tasker akapewa nafasi. Alisema tena kwamba nyumba ni kuukuu na imekaa upande, na mteja huyu ni mtu wa kulalamika.

Hakimu akamuuliza alipimaje mteremko kabla ya kupanga vigae.

Tasker alijikuna shingo. "Kwa jicho," alisema. "Nina uzoefu."

Hakimu akaandika, kisha akamgeukia Doreen, akamuuliza kama ana la kuongeza. Doreen akatoa mikono yake juu ya meza.

"Sikumwomba anyooshe nyumba," alisema. "Nilimwomba maji yaende kwenye tundu. Mume wangu alikuwa fahari ya gati, na leo anaogeshwa jikoni kama mtoto mchanga."

Hakimu alisoma ule mstari wa simu, *Tuone*, akasoma ripoti ya Osgerby, na siku hiyohiyo akatoa uamuzi. Kazi haikufanywa kwa uangalifu unaotakiwa. Fremu haina kosa. Tasker alipe gharama yote ya kujenga upya, pamoja na ada ya mahakama, ndani ya siku kumi na nne.

Nje, Doreen alimshika mkono Yvonne, aliyekuwa akimngoja. Yvonne alimkumbusha kwamba uamuzi si malipo. Tasker akikaidi, wataomba mahakama itume dalali wake akakamate mali. Doreen alimwandikia Tasker hivyohivyo, kwa adabu. Siku ya kumi na tatu fedha zikaingia.

Osgerby alijenga upya kwa wiki mbili. Alipomaliza hakudai sifa. Alichukua ndoo, akamwaga maji mlangoni mbele yao wote. Maji yakasimama kidogo, yakageuka, yakateremka mpaka tundu, na sakafu ya ukumbini ikabaki kavu.

Asubuhi iliyofuata Clifford aliingia na fremu yake, akafunga mlango mwenyewe. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Doreen akaingiwa na wasiwasi, akagonga, akauliza kama anahitaji msaada.

"Niache," Clifford alijibu kutoka ndani ya mvuke. "Nina deni la miezi minane ya kuoga humu."